Mwanamke akitoka gerezani, dawa zake zinabaki ndani

Kwenye mlango wa gereza, mwanamke anayeachiliwa anapewa karatasi moja. Inaonyesha kwamba parke ao tribinali imemfungua, kusudi askari asimkamate tena njiani. Anaikunja, anaifunga kwenye pindo la kitenge, anatafuta motari wa kumfikisha nyumbani. Kama mwanamke huyo anaishi na virusi vya sida, iko karatasi ya pili ambayo angepaswa kutoka nayo: ile inayosema ni dawa gani anakunywa, tangu lini, na ni kituo gani cha afya kitakachomuendeleza. Hiyo ya pili mara nyingi haiko.

Watu wengi wakisikia sida na gereza pamoja, wanafikiri hatari yote iko ndani ya ukuta. Hatari ya ndani ipo, na ni kubwa. Lakini kwa mwanamke ambaye tayari anajua hali yake na ameanza dawa, siku mbaya zaidi inaweza kuwa ile familia inapiga vigelegele. Ndani, hata kama chakula ni kidogo na mahali pa kulala hapatoshi, munganga wa gereza anamjua kwa jina na anajua siku ya kumpa dawa. Nje hakuna anayejua.

Dawa za ARV haziondoi virusi mwilini. Zinavizuia kuzaana. Mtu akizinywa kila siku, baada ya miezi kadhaa virusi vinapungua mpaka mashini ya laboratware haivioni tena, na akiendelea hivyo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Akikatisha, virusi vinarudi ndani ya wiki chache tu. Ubaya ni kwamba mwili haupigi kengele. Mwanamke anajiona yuko na nguvu, anabeba mizigo, anauza sambaza sokoni, anasema pengine Mungu amemponesha. Alafu kunafika kikohozi kisichoisha, na hapo kifua kikuu kimeshaingia.

Siku ya kutoka haina tarehe

Sababu ya kwanza ya matibabu kukatika haiko hospitalini, iko kwa mahakimu. Gereza la Munzenze, mjini Goma, lilijengwa kwa watu 350 hivi. Mbele ya Januari 2025 lilikuwa na zaidi ya 3,000. Makala, kule Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500, na mwaka 2024 walikuwa karibu 15,000. Sehemu kubwa ya watu hao hawakuwa wamehukumiwa. Walikuwa wanangoja.

Mtu aliyehukumiwa miezi kumi na minane, munganga anaweza kuhesabu siku zake na kumtayarishia dawa za kwenda nazo. Yule anayengoja hana hesabu. Anaweza kukaa mwaka mzima na zaidi bila kesi yake kusikilizwa, alafu siku moja mchana jina lake linaitwa: familia imelipa, mlalamishi amesamehe, ao hakimu amesaini uhuru wa muda. Saa hiyo hakuna mwanamke atakayesema mningoje kidogo, nipite kwa munganga. Kwanza anaogopa wale wakubwa wasibadilishe akili. Pili, nje ya mlango kunamngoja shangazi, shemeji, pengine bwana yake, na si wote wanajua kile anachomeza kila jioni. Munganga naye anapata habari kesho yake, anapoita jina na wenzake wanamjibu: alishatoka.

Inafaa kuelewa pia ni njia gani inawafikisha wanawake huko. Wako waliofungwa kwa makosa makubwa, ndiyo. Lakini mfano ambao kila soko la Kivu na Ituri inaufahamu ni ule wa mama aliyekuwa anashika feza za likelemba. Vita inafunga barabara, mali inaharibika njiani, zamu ya kulipa wenzake inafika na hana kitu. Kwa sheria, deni peke yake halimfungi mtu: Mkataba wa kimataifa wa haki za raia na za siasa, ambao Kongo iliuingia mwaka 1976, unakataza hilo kwenye kifungu cha 11. Lakini mlalamishi akibadilisha jina la kosa, deni inakuwa utapeli ao kuvunja uaminifu, na mama anaingia.

Anatoka siku ndugu wanapokusanya franga. Maana yake anatoka akiwa na deni jipya, na safari hii mdai wake ni familia. Hao waliolipa ndio wataamua alale wapi, atoke nyumbani saa ngapi, na kama anastahili feza ya moto ya kwenda hospitali ambayo hataki kusema anaenda kufanya nini. Wanaofundisha habari za sida wanasahau sana jambo hili. Wanamwambia mwanamke anywe dawa kila siku kama vile funguo za nyumba ziko mkononi mwake.

Wizara mbili, ukuta mmoja

Gereza liko chini ya wizara ya Sheria. Dawa za ARV ziko chini ya wizara ya Afya, kupitia programu ya taifa inayojulikana kama PNLS na kupitia zone za afya. Kwa hiyo ndani ya ukuta mmoja kuna rejista mbili. Ya kwanza iko kwa grefe: nani ameingia, kwa kosa gani, nani ametoka. Ya pili iko kwa munganga: nani amepimwa, nani anakunywa dawa. Rejista ya kwanza inajua siku ya kutoka lakini haijui ugonjwa. Ya pili inajua ugonjwa lakini haijui siku ya kutoka. Hakuna mkubwa ambaye kazi yake ni kuzikutanisha.

Isisemwe kwamba dunia haikufikiria jambo hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zile zinazoitwa Kanuni za Mandela za mwaka 2015, zinasema kwenye kanuni ya 24 kwamba huduma za afya gerezani zipangwe pamoja na huduma za afya za raia wote, kusudi matibabu ya virusi vya sida na ya kifua kikuu yasikatike. Mbele yake, mwaka 2010, zilipitishwa Kanuni za Bangkok juu ya wanawake wafungwa, nazo zinazungumzia sida, mimba na watoto waliozaliwa ndani. Magereza ya Kongo kwa muda mrefu yaliendeshwa kwa amri ya tarehe 17 Septemba 1965, iliyoandikwa miaka kumi na sita mbele ya dunia kusikia habari ya ugonjwa huu. Desturi nyingi za grefe ni za zamani hizo.

Kitu kinachohitajika ni kidogo kuliko mtu anavyofikiri. Grefe akipata amri ya kumfungua mtu, ampitishe kwa munganga mbele ya mlango. Kila mtu, si wale wagonjwa tu. Munganga ampe fishi ya kuhamia kituo kingine na dawa za miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakubali kumpa mtu ambaye matibabu yake yameshatulia dawa za miezi mitatu mpaka sita kwa mara moja. Kwa mwanamke aliyefungwa Bunia na kwao ni Mahagi, ao aliyefungwa Bukavu na kwao ni Shabunda, miezi mitatu inaweza kuwa ndiyo muda wa kufika nyumbani, kupata usingizi, na kutafuta kituo ambacho hakitamuaibisha.

Lakini hapa kuna tatizo ambalo watu wa ofisi hawalioni upesi. Karatasi yenye jina la ugonjwa ni hatari kwa anayeibeba. Kuna bariera njiani ambako mfuko unafunguliwa na vitu vinamwagwa chini. Kuna wifi ambaye kazi yake ya kwanza, siku ya kwanza, ni kuangalia wifi yake ametoka na nini. Ndio maana kuna wanawake wanaoiacha fishi kwa makusudi, ao wanaitupa chooni mbele ya kutoka. Fishi nzuri ni ile yenye nambari tu, bila neno sida popote, na chupa ya dawa isiyo na maandishi. Na zaidi ya fishi, nambari ya simu ya mtu mmoja, ambayo mwanamke anaishika kwa kichwa. Kichwa hakifunguliwi kwenye bariera.

Kwa nini kila mtu apitishwe kwa munganga? Kwa sababu siku tu wale wanaoishi na virusi wanapoitwa kando, gereza nzima inajua, na kesho yake kata nzima inajua. Wanawake wote wakipitishwa, wakapimwa wanaotaka, wakaulizwa kama wanakohoa zaidi ya wiki mbili, wakapewa njia ya uzazi wa mpango ao kapoti wakizihitaji, hakuna anayeweza kumnyooshea mwenzake kidole. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inayolinda watu wanaoishi na virusi vya sida inataka kupima kuwe kwa hiari na majibu yawe siri. Mfungwa hajapoteza haki hiyo mlangoni.

Saa 72

Sasa ile hatari ya ndani. Kwa miaka hii ya karibuni, mara tatu nchi imesikia wanawake wafungwa wakibakwa kwa wingi, na kila mara ilikuwa siku gereza lilipoponyoka mikononi mwa walinzi.

Mwezi wa Septemba 2020, gereza la Kasapa, Lubumbashi, lilishikwa na wafungwa waasi. Sehemu ya wanawake ilichomwa, na kwa siku tatu wanawake walikaa uwanjani katikati ya wanaume bila ulinzi. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba makumi yao walibakwa, na kwamba baadaye wako waliopata mimba na wengine virusi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 ilikuwa Makala: serkali ilitangaza watu 129 waliokufa, na ripoti ya UNFPA iliyotajwa na vyombo vya habari ilisema wanawake 268 kati ya 348 waliokuwa ndani walibakwa. Tarehe 27 Januari 2025, siku M23 iliingia Goma, ilikuwa Munzenze. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilisema wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa wanaume, na wengi wao wakafa ndani ya moto uliochoma sehemu yao.

Waliokufa hawana tena haja ya dawa. Habari ya waliookoka ndiyo inayopaswa kuzungumzwa, kwa sababu virusi vina saa yao. Mtu aliyebakwa anaweza kukingwa: anapewa dawa za PEP, zilezile za jamii ya ARV, anazimeza siku 28. Lakini lazima aanze mbele ya saa 72 kuisha, maana yake siku tatu, na kila saa anayochelewa inapunguza nguvu ya dawa. Angalia sasa tarehe. Kasapa, wanawake walikaa uwanjani siku tatu. Saa 72 ziliishia humohumo ndani. Goma, saa hizo ziliangukia wakati risasi zinalia mjini na hospitali zimejaa majeruhi wa vita mpaka kwenye korido na kwenye hema.

Na hata pale ambapo hospitali iko wazi, mwanamke aliyekimbia gereza linalowaka anajiuliza swali moja: wakiniuliza nimetoka wapi, niseme nini? Akisema Munzenze, je, hawatamwita askari? Basi anajificha kwa dada yake, anaoga, anafunga mdomo, na siku tatu zinapita. Hofu hiyo ina maana, lakini kuna kitu ambacho angepaswa kukijua mbele. Munganga amefungwa na siri ya kazi yake. Kuitoa ni kosa linaloadhibiwa na kitabu cha makosa cha Kongo, kifungu cha 73. Munganga si askari wa gereza. Kazi yake ni kuuliza ilitokea lini, si kuuliza uliingia boloko kwa nini. Mwanamke anaweza kusema tu nimebakwa, ilikuwa jana usiku, na inatosha kabisa kwa kupewa dawa.

Saa 72 zikipita, bado kuna sababu ya kwenda. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kufanya kazi mpaka siku ya tano. Magonjwa mengine ya zinaa yanatibiwa wakati wowote, na vidonda vya ndani havitafunga vyenyewe. Kipimo cha virusi kinafanywa siku hiyohiyo, kinarudiliwa baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, Heal Africa kule Goma, kituo cha Karibuni wa Mama cha SOFEPADI kule Bunia, ni mahali panapojulikana kwa kupokea waliobakwa; na vituo vingi vidogo vya zone za afya vimefundishwa kutoa dawa za PEP, hata kama rafu zao haziko zimejaa kila mwezi.

Mafunzo yenyewe yangepaswa kuanzia hapa. Wafungwa wanawake wanafundishwa kwa miaka namna sida inavyoambukizwa, na ni vizuri. Lakini ni wangapi waliofundishwa kwamba kuna dawa ya siku tatu? Kitu hicho kinasemwa kwa dakika tano, hakina haja ya mashini wala ya mtaalamu kutoka Kinshasa. Kingeweza kusemwa siku ya kwanza mwanamke anapoingia, na mwanamke mwenzake aliyemtangulia ndani.

Nyumbani kumebadilika

Mwanamume akitoka gerezani, mara nyingi bibi yake alikuwa anamletea chakula, na anamkuta bado yuko. Mwanamke akitoka, anakuta nini? Watoto wamegawanywa kwa bibi zao, moja Kitchanga, wawili Goma. Nyumba ya kupanga imechukuliwa na mwingine. Kikundi cha AVEC kimefuta jina lake. Bwana, kama hakukimbia vita, anaweza kuwa na mwanamke mwingine jikoni. Na jina lenyewe limebadilika: si tena mama fulani, ni ule alitoka boloko. Watu hawamuulizi alifanya nini. Wanajiuliza alifanywa nini mule ndani, na wanajijibu wenyewe.

Kwa hiyo mwanamke anayeishi na virusi anabeba majina mawili ya haya, na akijaribu kuficha moja, la pili linatokea. Akienda kituo cha afya cha karibu, atakutana na jirani kwenye foleni. Akienda cha mbali, familia itauliza anaenda wapi kila mwezi mtu ambaye hana kazi. Wengine wanamaliza matatizo hayo kwa kuacha dawa. Wengine wanaingia kwenye vyumba vya maombi, ambako pengine mtumishi atawaambia waombe na waendelee na dawa, na pengine mtumishi mwingine atawaambia dawa ni ukosefu wa imani. Huyo wa pili anaua watu, hata kama hakusudii, na wachungaji wenzake wangepaswa kumwambia bila kuzunguka.

Alafu kuna tumbo. Dawa inaweza kumezwa bila chakula, lakini mwenye njaa anakata tamaa ya dawa mbele ya kitu kingine. Mwanamke asiye na mtaji, mwenye deni kwa familia na anayetafuta mahali pa kulala, anaweza kukubali mwanamume ambaye hataki kapoti, na hata anayelipa zaidi kusudi isitumiwe. Kumfundisha tena namna ya kuvaa kapoti hakumsaidii. Anaijua kuliko mwalimu. Msaada unaofaa ni ule unaoenda na kitu cha kuuza mezani: ndoo ya samaki, kitita cha vitenge, mashini ya kushona ambayo haikuletwa kwa picha tu. Semina za siku mbili zimefanywa nyingi, na perdiemu zimelipwa. Perdiemu ikiisha, semina pia inaisha.

Anayetoka na mtoto mgongoni ana haraka nyingine. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi anahitaji siropu ya kumkinga tangu saa za kwanza, kipimo karibu na wiki ya sita, na vingine baadaye mpaka muda wa kunyonya upite; jibu la mwisho linapatikana karibu na miezi kumi na minane. Mama akinywa dawa zake vizuri, anaweza kumnyonyesha, na watoto wengi sana wa namna hiyo wanabaki bila virusi. Lakini kama mama alifunguliwa mtoto akiwa na mwezi mmoja, na hakuna kituo kilichoandikiwa kuwapokea, kile kipimo cha wiki ya sita nani atakifanya?

Nani atamfuata

Mikoa ya mashariki ina bahati moja ambayo pia ni balaa. Virusi haviko vingi kwetu kama kusini mwa Afrika. Uchunguzi mkubwa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta watu 1.2 kwa mia kwa nchi nzima, kati ya miaka 15 na 49: wanawake 1.6, wanaume 0.6. Katikati ya kipindupindu, surua, mpoksi na wakimbizi wa vita, wanawake wachache wanaotoka gerezani na virusi hawaonekani kwenye hesabu za wafadhili. Feza za Marekani za mpango wa PEPFAR ziliwekwa zaidi Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba; kwetu dawa zinategemea sana Fonds mondial. Misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, vituo vya mashariki vilivyokuwa vinapata dawa za PEP kupitia njia hiyo vilipigwa palepale, wiki ileile Goma ilipoanguka. Na tangu mistari ya vita igawanye Kivu, hata dawa iliyopo inaweza kukawia upande mmoja wa barabara wakati mgonjwa yuko upande wa pili.

Kwa hiyo kungoja mradi mkubwa ni kujidanganya. Wako watu tayari: vikundi vya wanaoishi na virusi, na relais communautaires wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Kule Kinshasa, tangu 2010, Médecins Sans Frontières pamoja na mtandao wa vikundi hivyo walianzisha vituo vinavyoitwa PODI, ambako dawa zinatolewa na watu wanaoishi na virusi wenyewe, si kwenye foleni ya hospitali. Mgonjwa aliyetulia anapita, anachukua, anaenda. Hakuna blauzi nyeupe, hakuna jirani. Namna hiyo ya kufanya ingewafaa sana wanawake wanaotoka gerezani, zaidi kama moja kati ya wanaotoa dawa alipita mwenyewe gerezani. Huyo hatauliza maswali ya kipumbavu. Anaweza kuingia gerezani mara moja kwa wiki, ajulikane kwa uso mbele ya mtu kufunguliwa, na awe ndiye mwenye ile nambari ya simu ya kushika kwa kichwa.

Mkubwa wa gereza ndiye wa kutoa ruhusa hiyo, na munganga mkubwa wa zone ndiye wa kumpa mtu huyo dawa na rejista. Barua mbili. Kwenye miji ambayo gereza lilivunjwa na linaanza kujaa tena, huu ndio wakati wa kuandika barua hizo, wakati rejista bado zina kurasa tupu.

Kwa mwanamke ambaye ameshatoka na ameshakatisha, iwe wiki tatu ao miaka mitatu: njia ya kurudi haijafungwa. Haombwi fishi ya gereza. Anafika kituo chochote kinachotoa ARV, anasema nilikuwa nakunywa, nilikatisha, nataka kuanza tena. Atapimwa, ataulizwa juu ya kikohozi, homa na kukonda, kwa sababu kifua kikuu kinatafutwa mbele ya yote. Dawa zenyewe hazilipiwi. Kama anakumbuka rangi ya kidonge ao umbo la chupa, aseme. Kama hakumbuki, si kosa. Munganga akimgombeza kwa nini alikatisha, amuache agombeze, amalize, alafu achukue dawa zake.